Mzee "hajui mambo ya skuli": mtaala mpya na hazina tunayoiacha ufuoni

Jumapili moja usiku, yapata saa tatu, jirani yangu alinigongea mlango. Mkononi alikuwa na mkasi na kipande cha katoni ya sabuni, na uso wa mtu aliyekata tamaa.

"Mwalimu, nisaidie," akaniambia. "Kesho asubuhi mtoto atakiwa apeleke jahazi."

"Jahazi gani?"

"Jahazi la mradi wa skuli. Nimeuliza pale saiba, watengeneza kwa mia tatu. Mimi hiyo mia tatu sina."

Jirani huyu huuza mahamri na mbaazi hapa mtaani kwetu Malindi. Unga huukanda usiku, na alfajiri kabla ya adhana karai liko motoni. Mumewe ni mvuvi. Mtoto mwenyewe, mwenye mradi, alikuwa amelala fofofo, na sikumlaumu. Alitoka shule saa tisa, akaenda chuoni hadi magharibi, akala, akalala. Lakini lililonishangaza ni jingine. Babake mumewe ni fundi wa vyombo. Amechonga mitumbwi na kuunda ngalawa na madau tangu ujana wake, na hadi leo ukipita ufuoni utamkuta ameketi chini ya mti na tezo yake, akitia kalafati chombo cha mtu.

"Kwani babu yake hamkumwuliza?" nikasema.

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Mzee? Mzee hajui mambo ya skuli."

Tukaikata ile katoni, tukaigundisha kwa uji wa unga, tukatoboa tundu la mlingoti. Asubuhi mtoto akaondoka na jahazi lililotengenezwa na mama yake na mwalimu mstaafu. Siku mbili baadaye nilipita shuleni kwa shughuli nyingine. Kwenye ubao wa maonyesho majahazi yalikuwa yamepangwa, na mengi yalikuwa pacha: karatasi ile ile ngumu, rangi ile ile, tanga limekatwa kwa kipimo kile kile. Yote yalitoka saiba. Mwalimu, naye ana darasa la watoto wengi kuliko uwezo wake, alikuwa ameyapa alama akaendelea mbele. Shule yenyewe siitaji, kwa sababu ningeingia nyingine yoyote ningekuta hayo hayo.

Ndugu msomaji, kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna swali kubwa ambalo sisi watu wa Kilifi na Malindi hatujalijibu. Serikali imetuletea mtaala unaosema mtoto asome kwa kutenda, na jamii iwe sehemu ya darasa. Je, jamii hiyo ni nani? Ni yule kijana wa saiba, au ni yule mzee wa tezo?

Mtaala wasemaje?

Tukumbushane tulikotoka. Mtaala wa Umilisi, ambao wengi tumeuzoea kwa jina la CBC, ulianza rasmi kote nchini mwaka 2019 katika chekechea na madarasa ya chini. Wale waliotangulia walifanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 6, KPSEA, mwishoni mwa 2022. Januari 2023 wakaingia Gredi ya 7, na baada ya mapendekezo ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, sekondari msingi ikabakishwa ndani ya shule za msingi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka huo huo wa 2023. Mwishoni mwa 2025 kundi lile la mbele likafanya KJSEA ya kwanza, na Januari mwaka huu wa 2026 likaingia Gredi ya 10, katika sekondari pevu.

Katika safari yote hiyo kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi hawakuelezwa vizuri.

La kwanza ni hesabu ya alama. Nafasi ya mtoto katika sekondari pevu haitegemei mtihani wa Gredi ya 9 peke yake. Mtihani huo una asilimia 60. Asilimia 20 hutoka katika ile tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka katika kazi anazopimwa nazo shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8. Kazi hizo ndizo pamoja na miradi, maonyesho na vitendo. Kwa hivyo mzoea wa kununua mradi tangu madarasa ya chini hufika mahali ambapo mradi ule ni sehemu ya hatima yake. Mwenye mia tatu ana alama. Asiye nayo, mama yake atakesha na katoni.

La pili ni kwamba huduma kwa jamii si pambo katika mtaala huu. Imo tangu mwanzo kama njia ya kufundisha, na katika sekondari pevu ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi, sambamba na Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Mtoto anatakiwa atazame jamii yake, aone tatizo, alitafutie ufumbuzi na watu wa pale pale, kisha aeleze alichojifunza. Kwa maneno, ni jambo zuri mno. Kwa vitendo, katika shule kadhaa ninazozijua, huduma kwa jamii imekuwa ni kushika ufagio wa chelewa na kufagia soko siku ya Ijumaa, picha ikapigwa, ikapelekwa katika kundi la WhatsApp, basi.

Kufagia soko si vibaya. Lakini mtoto aliyefagia soko la Malindi bila kuuliza taka zile zatoka wapi, zaenda wapi, nani hulipwa kuzizoa na kwa nini hazizolewi, huyo amefanya kibarua. Hajasoma.

Elimu iliyo nje ya ukuta

Sasa turudi kwa mzee wa ngalawa. Tuseme amealikwa darasani kwa saa moja. Atawaambia nini watoto?

Atawaambia kuhusu mkuku na mataruma, na kwa nini ubao wa chini huchaguliwa mti huu na si ule. Atawaonyesha kwa nini ngalawa ina matengo mawili na mtumbwi hauna, na mwalimu wa Sayansi atapata mlango wa kufundisha mizani na kuelea kwa vitu. Atawakatia tanga la pembe tatu, na mwalimu wa Hisabati atapata eneo la pembetatu bila kuchora hata mstari mmoja ubaoni. Atawaeleza kusi na kaskazi, na hapo hapo pana jiografia, pana historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, pana sababu ya mji wa Malindi kuwapo hapa ulipo.

Mvuvi naye akija, ataleta bamvua na maji mafu. Kila mtoto wa pwani ameyasikia maneno haya. Wangapi wanajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba maji kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku? Mpe mtoto wa Gredi ya 5 daftari, aandike saa ya maji kujaa kwa wiki mbili, achore grafu. Atakuwa amesoma mwezi, jua, saa, kutoa na kujumlisha, na hakuna shilingi iliyotumika. Na mama wa mahamri je? Yeye hupima unga, huhesabu faida, hujua karai limepata moto kiasi gani kwa kutazama tu. Bibi zetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Hizo ni sehemu za namba, zile zile ambazo watoto wetu huzilia wakizikuta kitabuni.

Sisemi haya kwa kutamani ya kale. Nasema kwa sababu mtaala wenyewe ndio unaoyataka. Vitabu vinasema tutumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Sisi tumetafsiri mazingira kuwa ni duka la vitabu.

Tena si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu hapa Pwani waliona watoto wao wanaachwa nyuma katika shule, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 ukaanza Mombasa mradi wa chekechea za madrasa, na aliyeutia roho ni mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Hawakuanza kwa kuagiza vifaa ng'ambo. Jamii ilitoa mahali, ikachagua wanawake wa mtaa wafunzwe ualimu, na watoto wakajifunza kuhesabu kwa vifuu, makombe na mbegu, na kuimba kwa lugha yao. Mradi ule ukavuka ukaenda Zanzibar na Uganda, na wataalamu wa elimu ya watoto wadogo wakaja kuusoma. Pwani ilikuwa mwalimu wa wengine.

Na leo mifano ipo, haiko mbali. Pale Gede, mwendo mfupi kutoka Malindi, magofu yaliyoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ndani ya uwanja ule ule pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyokwisha kujifunga, yakasafirishwa hadi nje ya nchi. Kule Mida, tangu 2001, mpango wa A Rocha Kenya huchukua sehemu ya mapato ya utalii wa mikoko na msitu ukawalipia karo wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani, na familia zao nazo hushiriki kutunza msitu. Watamu pana watu wa kasa, ambao hupokea watoto wa shule na kuwafundisha bahari. Kilifi mjini, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoko tangu 1989, kina mpango wa kuwakutanisha wanasayansi na wanafunzi wa shule za kaunti.

Kwa hiyo tunayo mifano. Kinachokosekana ni kuifanya iwe ada ya kila shule, isiwe bahati ya shule chache zilizo karibu na barabara au zilizo na mwalimu mkuu mwenye marafiki.

Hofu ya wazazi ina haki yake

Nilipolitoa jambo hili katika baraza yetu ya jioni, mzee mmoja alinikata kauli. "Wewe mwalimu wataka watoto wetu warudi kwenye uvuvi. Mimi nimeuza shamba ili wangu asishike mshipi."

Neno hili lisidharauliwe. Nimelisikia Malindi, nimelisikia Ganze, nimelisikia Magarini. Mzazi wa Pwani ana kumbukumbu ndefu. Amewaona watoto wa sehemu nyingine wakija kuwa wakubwa wa ofisi hapa, na wa kwake akibeba mizigo ya watalii. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa akiona. Sasa akiambiwa mtoto afundishwe na mvuvi na msusi wa makuti, anasikia kwamba mtoto amehukumiwa mapema: huyu wa chini, abaki chini.

Na hofu hiyo inaongezwa nguvu na mpango wenyewe wa sekondari pevu. Mikondo ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kwenye karatasi mtoto huchagua apendalo. Lakini mkondo wa sayansi unataka maabara, unataka walimu wa Fizikia na Kemia, unataka umeme usiokatika. Shule isiyo na hivyo itatoa kile ilicho nacho. Basi mtoto wa kijijini Ganze anaweza kujikuta "amechagua" asichokichagua, kwa sababu shule iliyo karibu haina mlango mwingine.

Jawabu langu kwa mzee yule ni hili. Simwiti mvuvi darasani ili mtoto awe mvuvi. Namwita ili mtoto aielewe sayansi kupitia kitu anachokijua, kisha aende nayo atakako. Mtoto aliyeelewa kwa nini maji hupwa na kujaa, hatashindwa kuelewa nguvu ya uvutano akiikuta katika Fizikia. Anayeikuta kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kiingereza, katika darasa la watoto sabini, huyo ndiye atakayeikimbia.

Tazameni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini pale, mbele ya macho ya wavuvi wetu. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi inayotoka angani. Mwanasayansi aliyeiongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Jina letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota kote ulimwenguni. Sasa muulize mtoto wa Gredi ya 8 hapa Malindi, Uhuru ni nini. Atakutajia bustani ya Nairobi.

Huo ndio mfano wangu mkubwa. Sayansi ya juu kabisa iliwahi kufanyika mlangoni petu, nasi hatukuingia nayo darasani. Basi si kweli kwamba elimu ya mahali ni elimu ya chini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejenga daraja kati ya mahali na darasa, si kwa ngalawa, wala si kwa setilaiti.

Mzigo haupaswi kuwa wa mwalimu pekee

Nikisema hivi, walimu wenzangu watanikemea, na wana haki. Wengi wa wanaosomesha sekondari msingi waliajiriwa kama walimu wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Katika mwaka 2024 waligoma wiki kadhaa, na madarasa yakakaa bila mtu. Mwalimu wa namna hii, aliyetoka kwao mbali, hajui mtaa, wengine hawajui hata lugha ya bibi wa kijijini, humwambii tu "nenda kaitafute jamii". Ataituma kazi nyumbani, na nyumbani itaishia saiba.

Na fedha? Serikali imeweka kiwango cha shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 15,042 kwa wa sekondari msingi, na kila mwalimu mkuu atakwambia fedha hizo hufika kwa kuchelewa na kwa vipande. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini bure haiwi bure pale mzazi anapotakiwa kila wiki karatasi za rangi, gundi, na picha za kuchapisha. Hizi ni karo zilizobadilisha jina. Nazo huwaumiza wale wale ambao sheria ilikusudia kuwalinda.

Kuna pia mpaka wa kuulinda. Huduma kwa jamii si ruhusa ya kuwageuza watoto vibarua. Mtoto anayechotea mwalimu maji, anayebeba mchanga wa ujenzi, anayepelekwa shamba la mtu kupalilia kwa jina la "mradi", huyo ananyonywa, na Sheria ya Watoto ya 2022 iko wazi katika kumkinga. Vivyo hivyo kila mtu mzima anayeingia shuleni kufundisha, awe fundi, awe nani, aingie kwa idhini ya shule, na mwalimu awepo darasani muda wote. Tunawapenda wazee wetu, lakini usalama wa mtoto hauendeshwi kwa kudhaniana wema.

Tena jamii yenyewe ijitazame. Hatuwezi kudai nafasi darasani mchana na usiku tukawaharibia watoto. Disko matanga zimepigwa marufuku na wakuu wa serikali mara nyingi, na bado muziki unasikika hadi alfajiri, wasichana wa Gredi ya 7 wakiwa humo. Mtoto aliyekesha matangani hatafundishika kesho yake hata ukimletea profesa. Kama somo ni kutazama tatizo la jamii na kulitafutia ufumbuzi, basi hili ni la kwanza kwenye orodha, na wanaopaswa kufanya kazi ya nyumbani ni sisi wazazi.

Nini kifanyike?

Sina dawa ya kila kitu, lakini kuna mambo manne yanayowezekana, na hakuna hata moja linalosubiri Nairobi.

Kwanza, miradi ifanywe shuleni. Mwalimu atenge muda ndani ya ratiba, watoto wafanye kwa makundi, kwa kumbi, vifuu, makuti, udongo na mabaki ya mbao. Jahazi likiwa baya, liwe baya la mtoto mwenyewe. Mwalimu atajua nani ameelewa na nani hajaelewa, na ile asilimia 20 itakuwa ya haki. Kamati za wazazi zina uwezo wa kuliomba jambo hili katika mkutano mmoja tu.

Pili, kila shule iwe na daftari la wajuzi. Mzee wa ngalawa, bibi wa ukili, mkulima wa minazi, muuguzi wa zahanati, fundi wa simu, malenga wa mtaa, mpasha habari wa redio. Jina, ujuzi, siku anayoweza. Mwalimu mgeni akifika atalikuta daftari, hataanza kuuliza njiani. Na mjuzi akija apewe heshima yake: nauli, chai, na barua ya shukrani yenye muhuri. Wazee wetu wengi hawajawahi kupata barua kutoka shule ila ya kudaiwa.

Tatu, kaunti ifanye sehemu yake. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Vyuo vile vina karakana za useremala, umeme, ushoni na makanika. Kwa nini vikae siku nzima bila watoto wa sekondari msingi kuvitembelea, wakati shule iliyo jirani haina hata nyundo?

Nne, taasisi kubwa zilizo kwetu ziulizwe. Gede, mbuga ya bahari, Chuo Kikuu cha Pwani, kituo cha KEMRI, kituo cha anga cha Ngomeni. Nyingi zina milango ya wanafunzi tayari. Lakini mwalimu mkuu asipoandika barua, hatajibiwa. Na wabunge wetu wa wadi, wanaotugawia mabuku na mipira wakati wa kampeni, watoe basi mara moja kwa muhula. Watoto wa Magarini waione Gede, na wa Malindi waione Ngomeni.

Nirudi kwa jirani yangu. Baada ya kisa kile cha katoni nilimwendea mwalimu wa darasa, nikamweleza juu ya babu. Ni kijana mwenye adabu, hakuchukia. Akasema, "Mwalimu, mimi natoka bara. Sikujua kwamba yupo." Muhula uliofuata alimwita. Mzee alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa kanzu yake ya sala na kofia, tezo ameifunga katika gunia. Kwanza aligoma kuingia, akasema atasimama mlangoni. Mjukuu wake ndiye aliyemshika mkono.

Hakuhutubu. Aliomba beseni la maji, akaweka ndani yake mtumbwi mdogo aliouchonga usiku, akaupindua kwa kidole. Ukazama ubavu. Akaufunga vijiti viwili pande zote, akaupindua tena. Haukuzama. Akawauliza watoto, "Kwa nini?" Akanyamaza. Kwa muda hakuna aliyejibu. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, na mwalimu akachukua chaki.

Mkutano ujao wa wazazi katika shule ya mtoto wako, ndugu msomaji, yatasemwa mengi juu ya choo, ukuta na fedha za chakula. Yote ni muhimu. Kabla hamjafunga kwa dua, simama uulize moja tu: mradi wa muhula huu utafanywa na nani? Na jawabu likiwa ni saiba, usikae chini.